Kukopa harusi, kulipa matanga: moduli ikizimwa, nani anarudisha ilivyokopa?

MKONGE MBICHI (mwanzisha uzi), Jumapili saa 2:40 usiku

Wakuu, salaam. Naandika kutoka Tanga mjini, Ngamiani. Uzi ni mrefu, atakayechoka apumzike kisha arudi, maana nahitaji mawazo ya watu waliowahi kupita hapa.

Natunza mfumo wa duka moja la jumla la dawa hapa mjini. Maduka madogo ya Muheza, Pangani na Korogwe yanaagiza kwa simu, oda inaingia, stoo inapungua, risiti inachapwa. Mfumo ni wa Java, programu moja yenye moduli tatu: moja inapokea oda, ya pili inashughulika na stoo, ya tatu inatoa risiti. Niliujenga hivyo makusudi, niweze kuzima moduli moja na kuiwasha na toleo jipya bila kuzigusa nyingine. Mwenye duka hataki kusikia habari ya matengenezo saa nne asubuhi wakati foleni imefika barabarani, na ana haki.

Kila moduli ikiwaka inafungua akiba yake ya koneksheni za databesi, yaani njia za kuongea na databesi zilizofunguliwa tayari. Natumia HikariCP, maktaba ya Java ya kutunza akiba hiyo, na usipoigusa mipangilio yake akiba moja ni koneksheni 10. Moduli tatu, koneksheni 30. Databesi ni PostgreSQL, nayo usipoigusa inaruhusu koneksheni 100, ambapo 3 zimetengwa kwa wasimamizi wakuu. Sisi wengine tunabaki na 97. Nikaona nafasi tele.

Wiki hii nilikuwa nairekebisha moduli ya stoo. Jumanne niliizima na kuiwasha mara 2, Jumatano mara 2, Alhamisi mara 2. Kila mara skrini inaandika "moduli imezimwa", kisha "moduli imewaka". Mambo shwari.

Dalili ya kwanza ilitoka kwa mama mtunza stoo. Moduli ile ina taima: kila saa inapitia dawa zilizokaribia kuisha na kumtumia ujumbe kwenye simu. Jumatano asubuhi akanifuata: "Mwanangu, hii kompyuta yako mbona inanisemesha mara tatu tatu? Amoksilini nimeshasikia." Nikamjibu huenda ni mtandao wa simu unarudia. Nilimjibu bila kuangalia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote yaliyofuata. Alhamisi zikawa tano. Ijumaa saa 3 asubuhi akaniwekea simu mezani bila kusema neno: meseji saba, dakika ileile, herufi kwa herufi.

Ijumaa mchana nikaiwasha upya mara ya 7. Haikupita nusu saa oda zikaanza kukwama. Duka la Pangani linatuma, linasubiri sekunde 30, linarudishiwa kosa. Logi ya Postgres inasema wateja wamezidi, haipokei zaidi. Nikaingia kwa akaunti ya msimamizi, na hapa niseme wazi kwamba zile nafasi 3 ndizo zilizoniokoa, nikahesabu kwenye pg_stat_activity, orodha ya Postgres ya koneksheni zilizopo. Koneksheni 97. Za moduli ya oda 10, za risiti 10. Zilizobaki 77 zote ni za stoo, ambayo ilitakiwa kuwa na 10.

Nilipofungua msimbo nikaelewa. "Kuzima" kwangu kulikuwa ni kuiondoa moduli kwenye orodha na kuisahau. Hakuna aliyeiambia akiba ifungwe. Hakuna aliyeisimamisha taima. Zile stoo saba nilizodhani nimezizima zilikuwa hai, kila moja na koneksheni zake 10 na taima yake, na kila ikifika saa kamili kila moja inamwandikia yule mama ujumbe wake. Ya nane ndiyo iliyofika ikakuta zimebaki 7.

Nimeuzima mfumo mzima na kuuwasha, duka linafanya kazi. Lakini sitaki kuishi hivyo. Ninyi mnapangaje kuzima? Nani anafunga nini, kwa mpangilio gani, na mnajuaje kwamba kweli kimefungwa?


BARABARA YA NANE, Jumapili saa 3:05 usiku

Pole sana mkuu. Ila nina swali la msingi. Java si ina mzoa taka? Kitu kikikosa anayekishika, kinazolewa chenyewe. Wewe uliiondoa moduli kwenye orodha, kwa hiyo hakuna aliyeishika. Kwa nini haikuzolewa?


MKONGE MBICHI, Jumapili saa 3:31 usiku

Swali zuri, na mimi ndilo lililonipoteza.

Sababu ya kwanza, alikuwepo aliyeishika. Taima ina thredi yake, yaani mkondo wa kazi unaokimbia sambamba na mingine ndani ya programu, na thredi inayoendelea kukimbia haizolewi kamwe, wala chochote inachokishika. Thredi ilishika moduli, moduli ikashika akiba. Akiba nayo ina thredi yake ya usafi: kila koneksheni ikikaribia dakika 30 inaifunga na kufungua mpya. Kwa hiyo usifikiri ukisubiri zitakufa zenyewe. Zinajifanya upya kila nusu saa, kwa uaminifu kabisa, kwa niaba ya moduli ambayo haipo tena kazini.

Sababu ya pili ndiyo kubwa. Mzoa taka anazoa kumbukumbu ya kompyuta, na anaamka kumbukumbu ikipungua. Hana habari kwamba Postgres imebakiwa na nafasi 7. Unaweza kuwa na kumbukumbu tele na koneksheni sifuri, yeye amelala. Zamani Java ilikuwa na njia ya finalize, ikidhaniwa kwamba kitu kikizolewa kitajifungia. Iliwaangusha watu mpaka Java 9, mwaka 2017, ikatangazwa kuwa isitumike, na Java 18, mwaka 2022, ikawekwa kwenye orodha ya vitakavyoondolewa kabisa. Hakuna ajuaye itaitwa lini, wala kama itaitwa.

Faili, soketi, poti, kufuli, thredi, koneksheni: hivi vyote ni vya kuazima. Mwenye navyo ni mfumo endeshi au seva nyingine, na wanataka kurudishiwa kwa mkono.


UPEPO WA KUSI, Jumapili saa 3:50 usiku

Mimi naona mnajitesa. Programu iwe moja, ukitaka kubadilisha unaipiga kill -9, amri ya kuiua papohapo, unaiwasha upya. Linux ikiua programu inafunga kila faili, kila soketi, inarudisha kumbukumbu yote. Imefanya hivyo miaka yote, haijawahi kusahau. Kwa nini niandike msimbo wa kuzima wakati kiini cha Linux (kernel) kinanifanyia kazi hiyo kuliko mimi?

Na kuna jingine. Umeme ukikatika hakuna atakayeita msimbo wako wa kuzima. Kwa hiyo mfumo ni lazima uweze kustahimili kufa ghafla. Ukistahimili kufa ghafla, kuzima taratibu kwa nini?


BANDARINI, Jumapili saa 4:12 usiku

Mkuu Upepo, sehemu ya kwanza uko sahihi: programu ikifa, kiini kinasafisha kilicho chake. Lakini soma tena alichoandika mwanzisha uzi. Programu yake haikufa. Moduli ndiyo iliyozimwa ndani ya programu iliyo hai, na kiini hakijui moduli ni nini. Kinaona programu moja, ipo, inapumua, na vitu vyote ni vyake.

Sehemu ya pili ndiyo niliyotaka kuikamata. Kiini kinasafisha mashine yake, hakisafishi ya jirani. Kwetu kazini programu iko mashine moja, databesi mashine nyingine. Siku moja umeme ulikatika upande wa programu tu, upande wa databesi ukabaki na betri. Programu haikupata nafasi ya kuaga. Postgres ikaendelea kuona koneksheni zimekaa kimya, ikaziheshimu. Linux kwa kawaida inasubiri sekunde 7200, yaani saa 2 nzima za ukimya, kabla ya kutuma swali la kwanza la "bado upo?". Upande wa pili usipojibu inauliza mara 9, kila baada ya sekunde 75. Jumla saa 2, dakika 11 na sekunde 15 ndipo inakata tamaa.

Sasa piga hesabu. Programu yako ina koneksheni 30. Umeme ukatike mara tatu ndani ya saa mbili, na kila ukirudi programu inawaka na kufungua 30 mpya: 90 za marehemu na 30 za aliye hai. 97 imepita. Dawa yetu ilikuwa kushusha tcp_keepalives_idle, yaani ule muda wa ukimya kabla ya swali la kwanza, kwenye Postgres mpaka sekunde 60.

Kwa hiyo kustahimili kifo cha ghafla ni lazima, nakubaliana nawe. Ila usikifanye kifo cha ghafla kuwa utaratibu wa kila siku. kill -9 haipokelewi na programu, haiwezi kuizuia wala kuisikia. Oda iliyokuwa imeandikwa nusu kwenye faili inabaki nusu. Faili la kufuli linabaki pale, na programu ikiwaka inakataa ikidhani mwenzake bado yupo. Ujumbe uliokuwa kwenye foleni ya ndani umepotea. kill ya kawaida, ishara namba 15, inabisha hodi kwanza.


UPEPO WA KUSI, Jumapili saa 4:20 usiku

Hiyo ya saa 2 sikuijua. Nimeangalia seva yetu sasa hivi, ni 7200 kweli. Nimeelewa, asante.


NAHODHA WA SAHARE, Jumatatu saa 12:15 asubuhi

Vijana, mimi si mtu wa Java. Niliandika programu za C miaka mingi, sasa nimestaafu niko Sahare naangalia bahari. Lakini mwanzisha uzi ameuliza habari ya mpangilio, na mpangilio nilifundishwa na baba yangu kwenye jahazi kabla sijaiona kompyuta.

Chombo kikiondoka, nanga inang'olewa kwanza, ndipo tanga linatwekwa. Chombo kikirudi, tanga linatuliwa kwanza, ndipo nanga inatiwa. Kinyumenyume kabisa. Nikiwa mdogo nilipewa kazi ya nanga, na mara moja niliitupa kabla ya wakati, jarari (kamba ya kupandishia tanga) bado imefungwa na foromali (mti unaobeba tanga) iko juu, tanga limejaa upepo. Kamba ya nanga ilikaza ikalia, chombo kikageuka ubavu, nanga ikaanza kuburura. Baba hakunipiga. Alinishika mkono akanionyesha kamba ile ilivyochanika nyuzi mbili tatu, akasema nizihesabu.

Kwenye programu ni hivyohivyo. Cha mwisho kufunguliwa ndicho cha kwanza kufungwa, kwa sababu cha mwisho kinategemea kilichotangulia. Ukianza kwa kufunga databesi wakati taima bado inapiga, taima itaamka katikati ya kazi ishike koneksheni iliyokufa. C++ inalifanya hili yenyewe: vitu vya ndani ya kitendaji vinabomolewa kinyume cha vilivyojengwa. Sisi wa C tulikuwa tunaandika kwa mkono, na mahali nilipokosea palikuwa palepale kila mara, pale katikati, pale kitu cha tatu kinaposhindwa kufunguka na viwili vya mwanzo vimeshafunguka.


MKONGE MBICHI, Jumatatu saa 1:02 asubuhi

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu. Nimechukua karatasi nikaandika stoo inavyowaka: akiba ya databesi, thredi za kazi, taima, mwisho mlango wa kupokea maombi. Kisha nikasoma kutoka chini kwenda juu: funga mlango asiingie mpya, simamisha taima, subiri waliomo ndani wamalize, ndipo ufunge akiba. Imekaa sawa bila kulazimisha.


NAHODHA WA SAHARE, Jumatatu saa 1:10 asubuhi

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye "subiri wamalize" weka kikomo. Usisubiri bila mwisho.


FUNDI WA PONGWE, Jumatatu saa 2:25 asubuhi

Mzee amegusa kidonda changu. Hiyo ya "katikati" ilinikuta.

Nilikuwa na moduli inayofungua akiba ya databesi kwanza, kisha inafungua printa ya risiti kwenye /dev/ttyUSB0. Siku moja mtu kachomoa waya wa printa achaji simu. Moduli ikawaka, ikafungua akiba, koneksheni 10, ikafika kwenye printa ikashindwa, ikatupa kosa. Juu yake niliandika msimbo wa kujaribu tena kila dakika moja. Nilijivunia sana msimbo ule.

Kwa kuwa kuwaka hakukufanikiwa, mfumo hauihesabu moduli kuwa ilishawaka, kwa hiyo hauiiti njia ya kuzima. Sasa kila dakika koneksheni 10. Dakika ya kumi databesi imejaa, na waliosimama si watu wa printa peke yao, ni kila mtu. Kosa la waya wa shilingi elfu chache likaziba njia ya mfumo mzima, na logi zikawa zinalalamikia databesi, printa haitajwi popote karibu na mwisho.

Tangu siku ile njia yangu ya kuwasha inaweka kila kilichofunguka kwenye rafu. Kikifunguka, kinasukumwa juu ya rafu. Kitu chochote kikishindwa, rafu inafunguliwa kutoka juu hadi chini, kisha kosa ndiyo linatupwa. Na njia ya kuzima inatumia rafu ileile. Kwa hiyo sina msimbo wa aina mbili, mmoja wa kuzima kwa heri na mwingine wa kuzima kwa shari. Ni mmoja.

Mambo mawili nimejifunza kwa kuumia. Kufunga kuwe salama kukiitwa mara mbili, maana kutaitwa mara mbili, amini. Na kitu kimoja kikikataa kufungwa, andika kosa kwenye logi uendelee na vinavyofuata. Usiache kufunga databesi kwa sababu printa imegoma.


BARABARA YA NANE, Jumatatu saa 2:48 asubuhi

Hiyo rafu si ndiyo ile try ya Java yenye mabano? Ile iliyokuja na Java 7 mwaka 2011.


FUNDI WA PONGWE, Jumatatu saa 3:00 asubuhi

Ndiyo hiyo kwa vitu vinavyofunguliwa na kufungwa ndani ya kitendaji kimoja. Inafunga kinyumenyume, na kufunga kukitoa kosa juu ya kosa la awali, la awali halipotei, la pili linabandikwa pembeni yake. Ukiweza kuitumia, itumie, usiandike kwa mkono. Lakini moduli inaishi siku nzima, inawashwa asubuhi na njia moja na kuzimwa usiku na njia nyingine. Hapo mabano hayafiki, ndiyo maana nimejitengenezea rafu.


BINTI CHUMBAGENI, Jumatatu saa 5:30 asubuhi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, natengeneza kurasa za wavuti kwa JavaScript. Sina databesi wala printa. Je, haya yananihusu? Nina ukurasa unaoonyesha bei, unajisasisha kila sekunde 5 kwa setInterval, ile amri ya kurudia kazi kila baada ya muda. Mtumiaji akienda ukurasa mwingine na kurudi mara nyingi simu inakuwa nzito na bei zinarukaruka. Mwalimu wangu aliniambia nipunguze picha.


MKONGE MBICHI, Jumatatu saa 5:52 asubuhi

Marahaba mdogo wangu. Yanakuhusu moja kwa moja. Wewe na yule mama mtunza stoo mna ugonjwa mmoja.

Kila mtumiaji akirudi kwenye ukurasa, setInterval mpya inaanza. Ya zamani je, nani aliisimamisha? setInterval inakurudishia namba. Itunze hiyo namba, na sehemu ile ya ukurasa inapoondolewa ita clearInterval na namba ileile. Kama unatumia React, ile maktaba ya kujengea kurasa, kitendaji unachokirudisha kutoka ndani ya useEffect ndiyo nafasi yako ya kusafisha, imewekwa kwa ajili ya hilo. Vivyo hivyo kwa addEventListener: ulichokisajili, kiondoe kwa removeEventListener, na iwe kitendaji kilekile, usiandike kingine kinachofanana, kwa sababu kivinjari kitaona ni mgeni na hakitaondoa kitu.

Jaribu hivi. Fungua zana za kivinjari, upande wa mtandao. Ukiwa kwenye ukurasa ule, toka na urudi mara 6 bila kuupakia upya. Kisha kaa uhesabu maombi yanayotoka ndani ya sekunde 5. Ukihesabu zaidi ya moja, umelipata.


BINTI CHUMBAGENI, Jumatatu saa 6:40 mchana

Nimehesabu. Saba.

Nimeweka clearInterval. Sasa ni moja, hata nikiingia na kutoka mara ishirini. Asante sana kaka, asanteni wote. Picha nimezirudisha.


BANDARINI, Jumatatu saa 1:15 usiku

Nirudi kwenye kikomo alichotaja Nahodha, kwa wale mnaoweka mifumo kwenye kontena, yaani kifurushi kilichotengwa chenye programu na mahitaji yake, kama cha Docker, kwa sababu kuna mtego na nimeuona kwa watu wengi.

Ukisema docker stop, Docker inatuma ishara 15, inasubiri sekunde 10, kisha inatuma ishara 9. Kubernetes, inayosimamia kontena nyingi, inasubiri 30. systemd, inayowasha na kuzima huduma za Linux, kwa kawaida inakupa 90. Namba hizi zote unaweza kuzibadilisha, lakini asiyejua kwamba zipo anaandika msimbo wa "subiri thredi zimalize kwa sekunde 30", anaiweka kwenye Docker, na kila siku inauawa kwenye sekunde ya 10 kabla haijafika kwenye kufunga databesi. Msimbo upo, mzuri, haujawahi kukimbia hadi mwisho hata siku moja.

Mtego wa pili unajificha zaidi. Ukiandika amri ya kuwasha kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga kontena, kama sentensi ya kawaida badala ya orodha yenye mabano ya mraba, Docker inaiwasha kupitia sh, programu ya kupokea amri. Basi sh ndiyo inaweza kuwa programu namba 1 ndani ya kontena, na ishara inafika kwake, haipitishwi kwa programu yako. Programu haijui kama imeambiwa iondoke. Inaendelea kupokea oda mpaka sekunde ya 10 inapokatwa kichwa. Utaijua kwa hivi: kontena yako ikichukua sekunde 10 kamili kuzima kila mara, bila kupungua wala kuzidi, basi haisikii. Tumia orodha ya mabano, au andika exec mbele ya amri.


UPEPO WA KUSI, Jumatatu saa 1:40 usiku

Ya kwetu inachukua 10 kila mara. Nilidhani ni nzito. Kesho naibadilisha.


BARABARA YA NANE, Jumatatu saa 2:05 usiku

Mimi naandika Go siku hizi. Huko tuna defer: ukifungua faili, mstari unaofuata unaandika defer ya kulifunga, na zikiwa nyingi zinakimbia kinyumenyume, ya mwisho kwanza. Ninachokipenda ni kwamba kufungua na kufunga vinakaa jirani kwenye msimbo, jicho linaviona pamoja.

Ila nichangie onyo moja. defer inasubiri kitendaji kiishe. Ukiiandika ndani ya mzunguko unaopitia faili 2000, hakuna hata moja litakalofungwa mpaka mzunguko wote uishe, na Linux ina kikomo cha faili ambazo programu inaweza kushika kwa wakati mmoja. Ukikifikia, utakwama katikati. Nilikwama. Toa kazi ya faili moja iwe kitendaji chake. Na os.Exit, amri ya kuifunga programu, haiheshimu defer hata moja, inaondoka palepale.


MKONGE MBICHI, Jumatano saa 2:20 usiku

Wakuu, nimerudi na majibu.

Nimeiandika upya moduli ya stoo kwa rafu ya Fundi wa Pongwe na mpangilio wa mzee Nahodha. Mlango unafungwa, taima inasimamishwa, thredi za kazi zinapewa sekunde 5 kumaliza na zisipomaliza zinakatizwa, akiba inafungwa mwisho. Kila hatua inaandika mstari wake kwenye logi inapoanza na inapoisha, kwa sababu ule mstari wangu wa zamani wa "moduli imezimwa" ulikuwa unaandikwa hata pale ambapo hakuna kilichozimwa. Sasa maneno hayo yanaandikwa na aliyefunga, baada ya kufunga. Moduli ya oda na ya risiti nazo nimezipitia: ya risiti ilikuwa na shida ileile, bahati tu sikuwahi kuizima.

Kisha nikaandika jaribio. Linaiwasha moduli na kuizima mara 50 mfululizo, na kabla na baada linahesabu vitu vitatu: koneksheni kwenye pg_stat_activity, thredi zilizo hai ndani ya Java, na faili zilizo wazi kwenye /proc/, pale Linux inapoonyesha hali ya ile programu. Mara ya kwanza koneksheni zilitoka sawa, thredi zikatoka 50 zaidi. Nilikaa nayo hadi saa sita usiku. Kumbe maktaba ya kutuma ujumbe mfupi ina thredi yake ndani, nayo ina njia ya kufungwa ambayo sikuwahi kuisoma. Bila kuhesabu nisingeijua, kwa sababu thredi zile hazikuwa zinatuma chochote, zilikuwa zimekaa tu. Zingekaa hadi lini sijui. Nikaiongeza kwenye rafu.

Sasa: koneksheni 30 kabla, 30 baada. Thredi sawa. Faili sawa. Jaribio hili linakimbia kila kabla ya toleo jipya, lisipopita toleo haliendi dukani.

Leo asubuhi nimeibadilisha moduli ya stoo mara 3 duka likiwa wazi. Hakuna oda iliyokwama. Saa 4 kamili nikashuka stoo, nikamsalimia yule mama, nikamwomba radhi kwa jibu nililompa wiki iliyopita. Akafungua simu akanionyesha. Dawa ya kikohozi ya watoto, boksi 9 zimebaki. Ujumbe mmoja.


NAHODHA WA SAHARE, Jumatano saa 2:45 usiku

Sekunde 5 kwa thredi za kazi, na ukiiweka kwenye kontena ya Docker una 10. Umeacha nafasi ya akiba kufungwa. Vizuri. Hiyo maktaba ya ujumbe uiweke juu ya taima au chini yake?


MKONGE MBICHI, Jumatano saa 2:51 usiku

Inafunguliwa kabla ya taima mzee, kwa hiyo inafungwa baada yake. Taima ndiyo inayoitumia.